Kilomita 18.6 za vumbi: shajara ya kuandaa mkondo mmoja wa rali, Naivasha

Shajara hii inafuata mkondo mmoja tu, yaani kipande kimoja cha njia kinachokimbiwa kwa saa, wa mbio za klabu, kusini mwa Ziwa Naivasha, uliopangwa kukimbiwa mara mbili Jumamosi moja mwanzoni mwa Februari. Nafasi za magari ni 42. Anayetaka kujua nani alishinda atazame matokeo. Humu ni mageti, kalvati, redio, posho na saa. Saa zimeandikwa kama zilivyo kwenye kadi ya muda: 09:03 ni saa tatu na dakika tatu asubuhi.

Wiki ya 16 kabla ya mbio: njia ina wenyewe

Kilomita 7.9 ni barabara ya umma chini ya KeRRA (mamlaka ya barabara za vijijini), 6.3 zinapita ndani ya ranchi, na 4.4 zilizobaki ni njia ya mashambani inayopakana na vishamba vya watu. Kila kipande kina lugha yake. KeRRA wanataka ramani, tarehe, saa za kufunga na ahadi ya maandishi kwamba barabara itarudishwa ilivyokuwa. Ranchi inataka hayo hayo, pamoja na nakala ya bima na orodha ya mageti. Wenye vishamba hawataki barua, wanataka kuonana na mtu.

Anza na kibali cha shirikisho la mbio za magari (KMSF) na bima ya madhara kwa watu wengine. Hivyo viwili ndivyo OCS, mkuu wa kituo cha polisi, atakavyoomba kuona kabla ya kuzungumza habari za askari wa kufunga njia. KWS (shirika la wanyamapori) wameandikiwa mapema kwa sababu pundamilia na twiga hukatiza kati ya km 8 na km 12, na hakuna utepe unaomzuia twiga.

Baraza la chifu lilileta maswali matatu, na yote yalikuwa ya maana kuliko lolote litakaloulizwa na madereva. Mbuzi akigongwa, nani analipa, na lini? Mama akipata uchungu barabara ikiwa imefungwa, atapita wapi? Na kukiwa na mazishi? Jibu la kwanza ni afisa mmoja mwenye fedha mkononi na fomu ya ukurasa mmoja, siku hiyo hiyo. La pili ni namba moja ya simu iliyobandikwa dukani na zahanati: mkondo unasimamishwa, gari la mgonjwa linasindikizwa kwa mwelekeo wa mbio, ndipo unaanza tena. La tatu linasubiri ratiba, kwa kuwa huku mazishi mengi huangukia Ijumaa au Jumamosi, na chifu hajui hadi katikati ya wiki.

Zamani maswali haya hayakuulizwa kwa namna hii. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilikimbiwa hadi 2002 kwenye barabara zilizo wazi, na timu kubwa zilikuwa na helikopta ya kutangulia gari kuangalia ng'ombe na malori. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, ilirudi na mikondo iliyofungwa. Kazi ya helikopta imekuwa ya mtu aliyesimama kwenye geti.

Wiki ya 13: kupima

Kitabu cha njia hupimwa na gari moja, matairi yale yale, yakiwa na upepo ule ule ndani. Chombo cha kupimia umbali kinasawazishwa kwanza kwenye kilomita moja iliyopimwa kwa utepe wa chuma. Ukibadilisha matairi katikati, makosa ya asilimia mbili yanakuwa zaidi ya mita 370 mwisho wa mkondo, na mwelekezi, anayeketi kando ya dereva akimsomea njia, akisema «geti kushoto» atakuwa amelipita zamani.

Mstari wa kumalizia ulichorwa kwanza km 18.6 kwa sababu pana nafasi ya kuegesha. Haukufaa. Baada ya mstari, gari linahitaji mita 100 hadi 300 za kupunguza mwendo bila kona kali wala kilima kinachoficha, ndipo kituo cha STOP. Pale palikuwa na kona ya kulia mita 90 mbele. Mkondo wote ukasogezwa: mwanzo umerudi nyuma mita 240 na mwisho umerudi vivyo hivyo, urefu ukabaki uleule.

Imehesabiwa pia: njia ndogo 12 zinazoingia mkondoni, makutano makubwa 4, mageti 7, gridi za ng'ombe 2, na kalvati moja yenye ufa, km 6.2.

Wiki ya 10 hadi ya 8: greda na fesh-fesh

Hapa ndipo fedha nyingi zilipoenda, na ndipo palipo na kosa linalorudiwa zaidi katika rali za Bonde la Ufa: kuleta greda mwishoni ili njia ipendeze. Udongo wa kuzunguka mlima Longonot ni majivu ya volkano. Ukikwanguliwa ukiwa mkavu, ganda la juu lililoshikana kwa mvua linavunjika, na chini yake ni unga. Unga huo ndio fesh-fesh. Unaonekana kama barabara tambarare, lakini ndani yake kuna mtaro wa magurudumu na mawe usiyoyaona. Kwenye Safari Rally ya 2021, dereva Kalle Rovanperä wa Finland alikwama kwenye udongo laini wa mkondo wa Kedong siku ya Ijumaa, akiwa na gari la kiwango cha juu kabisa cha dunia. Gari la klabu linalosukumwa na magurudumu mawili halina la kujitetea.

Kwa hiyo greda imekuja Novemba na Desemba, mvua za vuli zikiwa bado kwenye udongo. Mambo yaliyosimamiwa:

Greda ikate kina kidogo, isizidi sentimita 5, na irudishe udongo katikati kuwe na mgongo. Tuta linaloachwa pembeni lisambazwe siku hiyo hiyo. Tuta ni laini kwa nje lakini limejaa mawe yaliyokwanguliwa, na dereva anayekata kona atalipanda akidhani ni mchanga. Mifereji ya kutoa maji ifunguliwe kila mita 40 hadi 60 kwenye miteremko. Bila hiyo mvua moja ya Desemba inafuata nyayo za greda na kuchimba korongo jipya.

Kipande cha mita 60 kuanzia km 11.2 hakikuponyeka kwa greda. Kimewekwa murram (udongo wa changarawe wa barabara): upana mita 4, unene uliogandamizwa sentimita 15, yaani mita za ujazo 36. Murram iliyolegea hupungua ikishindiliwa, hivyo zidisha kwa 1.3, inakuwa karibu 47, malori matano ya mita 10. Boza moja la maji la lita 10,000 linatosha, likimwagwa kwa awamu mbili na rola kupita kati yake. Pendekezo la kujaza mawe makubwa chini lilikataliwa. Mawe hukaa vizuri mzunguko wa kwanza, kisha magari yanayachimbua, na mzunguko wa pili ni matairi yaliyopasuka na sampgadi (bamba za kukinga injini kwa chini) zilizobonyea.

Mashimo ya muhanga na ngiri yako pembeni, si barabarani, kwa hiyo greda haiyaoni. Yaliyo ndani ya mita 3 kutoka ukingoni yamejazwa udongo na kushindiliwa kwa mkono. Mengine yamewekewa kigingi chenye rangi. Yatachimbwa upya, ndiyo maana yako kwenye orodha ya kukaguliwa tena wiki ya mwisho.

Kalvati ya km 6.2: ufa uko kwenye ukuta wa juu upande wa kushoto. Haibomoki kwa gari la mbio la tani moja na nusu. Itabomoka kwa lori la murram. Malori yamezungushwa, na juu ya kalvati pamewekwa vifurushi vya matairi kulazimisha magari kupita kulia na polepole. Matairi yafungwe kwa bolti, manne kwa kila kifurushi, si kwa kamba. Kamba ikikatika tairi moja linabingirika katikati ya njia. Nafasi kati ya vifurushi imepimwa kwa ambulensi, ambayo ni ndefu na haikunji kona kama gari la mbio.

Wiki ya 6: ratiba, yaani hesabu ya vumbi

Magari 42 yakiachana dakika 2, kati ya la kwanza na la mwisho ni dakika 82. Lakini asubuhi bila upepo vumbi la bonde hili huning'inia, na dereva wa tatu anaendesha kwa kukisia. Madereva kumi wa mbele ndio wepesi zaidi na ndio wanaofikiana, hivyo nafasi kumi za mwanzo zimewekwa dakika 3. Hesabu inakuwa 30 na 62, jumla dakika 92.

Mzunguko wa kwanza basi uko hivi. Njia inafungwa 07:00. Magari ya waandaaji ya kukagua njia yanatangulia: 000 linapita 07:50, 00 linafuata 08:25, gari 0 saa 08:48. Gari la kwanza la mbio linaondoka 09:03, la mwisho 10:35. Ongeza dakika 30 za ucheleweshaji unaoruhusiwa, dakika 15 za kukimbia kwa gari la polepole, na dakika 20 za gari la kufagia, linalopita nyuma ya yote: 11:40. Kuanzia 11:45 hadi 12:30 njia iko wazi kwa wenyeji. Gari 000 linarudi 12:35, gari la kwanza la mzunguko wa pili 13:48, na njia inafunguliwa 16:30.

Ile dakika 45 ya katikati haikuwa bure. Ofisi ilitaka kuifuta ili magari yarudi mapema kwenye eneo la matengenezo. Ikiondolewa, ng'ombe wa kipande cha ranchi wanakosa maji kutwa nzima, na wachungaji watawapitisha watakapoona inafaa, gari liwepo au lisiwepo. Imebaki.

Wiki ya 4: redio

Simu haitegemeki. Watazamaji elfu chache wakikusanyika kwenye mlima mmoja na kuanza kurusha video, mtandao unalala. Mawasiliano ni VHF, masafa yaliyoombewa kibali kwa Communications Authority (mamlaka ya mawasiliano), na ripita moja, mtambo wa kupokea na kurusha tena sauti, kileleni yenye betri mbili za gari.

Vituo vya redio: mwanzo, km 4.6, km 9.1, km 14.1, na mwisho. Kipimo ni kutozidi takriban kilomita 5 kati ya kimoja na kingine. Km 14.1 iko bondeni na redio ya mkono ya wati 5 haikufika kwenye ripita. Imesogezwa hadi km 13.6, ubavuni mwa kilima. Usijaribu redio ukiwa umesimama juu ya paa la gari. Marshali, yaani msimamizi wa njiani, atakuwa ameketi chini ya mwavuli, na hapo ndipo pa kujaribia.

Kanuni ya saa: redioni hakuna «saa tatu na dakika tatu». Inasomwa kadi ilivyo, «sifuri tisa, sifuri tatu». Marshali wa kijijini anahesabu saa za Kiswahili, ofisi ya matokeo inahesabu za kadi, na tofauti ya saa sita ikiingia kwenye orodha ya magari yaliyopotea, hakuna atakayeielewa gari likiwa limepinduka.

Wiki ya 3: watu 72

Makutano makubwa, wawili kila moja pamoja na askari: 8. Njia ndogo, wawili wawili: 24. Mageti: 7. Kituo cha muda 3, mwanzo 3, mstari wa kumalizia 2, STOP 3. Redio 5. Maeneo mawili ya watazamaji, sita kila moja: 12. Akiba 5.

Wa njia ndogo na mageti wamechukuliwa kutoka nyumba zilizo karibu. Mgeni mwenye koti la chungwa hawezi kumwambia mzee asipite njia ya kwake; kijana wa jirani anaweza, kwa sababu anaanza na «Shikamoo, mzee, tusubiri kidogo». Mafunzo ni saa mbili: usisimame nje ya kona, usivuke baada ya gari 0, usiokote jiwe njiani bila ruhusa ya redio, bendera nyekundu haiinuliwi ila kwa amri kutoka chumba cha kuongoza mbio.

Wa kituo cha muda wanafundishwa kwa muda mrefu zaidi. Gari lenye miadi ya 09:00 linaweza kuingia eneo la kituo 08:59, lakini kadi ikabidhiwe ndani ya dakika 09:00:00 hadi 09:00:59. Kuchelewa ni sekunde 10 kwa kila dakika. Kuwahi ni dakika nzima kwa kila dakika. Marshali asimwambie mwelekezi saa, asimhurumie, asijadiliane. Aandike alichokiona. Dakika tatu baadaye gari liko kwenye mstari wa kuanzia.

Maji lita 3 kwa mtu ni madumu 11 ya lita 20. Chupa za plastiki za kutupwa haziingii: tangu Juni 5, 2020 zimepigwa marufuku ndani ya maeneo ya hifadhi Kenya, na nusu ya mkondo inapakana na eneo la namna hiyo. Kila mtu amepewa chupa ya kujaza.

Posho inalipwa kwa M-Pesa jioni ile ile, pamoja na ya kutolea. Orodha ya namba na majina yaliyosajiliwa imehakikiwa sasa, si siku ya malipo. Kijana anayetumia laini ya dada yake asipogundulika leo, Jumamosi usiku itakuwa ni kesi.

Wiki ya mwisho

Jumatano chifu amepiga simu: kuna mazishi Jumamosi, km 3. Familia imekubali mwili upite 11:45, waombolezaji wengi wawe wameshafika kabla ya 07:00. Ile dakika 45 imelipa deni lake.

Alhamisi ni reki: madereva wanapita mara mbili kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa na kuandika noti za njia. Mashimo matatu mapya ya muhanga, yamejazwa.

Alama zinawekwa Ijumaa jioni, si mapema. Za bati huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, za plastiki ya mawimbi hazina mnunuzi. Utepe ukifungwa mchana hauonani na asubuhi. Ni kamba nzuri ya kufungia ndama. Roli mbili za ziada ziko kwenye gari 000.

Siku ya mbio

Gari 000 lilikuta geti la 5 limefungwa kwa kufuli jipya. Mlinzi wa zamu ya usiku alifunga kama kawaida yake na kwenda nyumbani. Mkasi wa chuma uko ndani ya gari 000 kwa ajili hiyo hasa.

Mzunguko wa kwanza: kifaa cha mwanga kwenye mstari wa kumalizia kilisajili gari moja mara mbili kwa sababu ya wingu la vumbi. Saa ya mkono na karatasi ya pili ndivyo vilivyoamua. Karatasi iwe na safu ya namba ya gari na safu ya saa, ziandikwe na watu wawili tofauti. Mmoja akitazama gari na saa kwa pamoja atakosa kimojawapo.

Mzunguko wa pili: gari la 27 lilipita km 9.1 na halikuonekana km 13.6. La 28 likapita, la 29 likapita. Mwelekezi wa 28 aliripoti kwenye STOP: gari limelala ubavu, alama ya OK (watu wako salama) imeonyeshwa, nusu ya njia imezibwa baada ya kona. Nusu ya njia kwenye vumbi ni njia nzima. Mwanzo ukasimamishwa, bendera nyekundu ikatolewa km 4.6 na 9.1, na ambulensi ya km 9.1 ikaenda mbele kwa mwelekeo wa mbio. Haiendi kinyume hata kama ni mita 300, kwani hujui kama gari lililo njiani limeona bendera. Magari manne yaliyoonyeshwa bendera yatapewa muda wa makadirio. Mkondo ulianza tena baada ya gari la 27 kuvutwa pembeni na watu wake kupimwa na daktari.

Tatizo kubwa lisilo kwenye mpango: bodaboda. Gari likishapita, kumi zinaingia njiani kukimbilia kona inayofuata. Utepe hauwazuii. Kilichosaidia ni kuwaambia saa ya gari linalofuata. Anayejua kwamba dakika mbili hazitoshi haingii.

Baada ya mbio

Vigingi na utepe vimeondolewa Jumapili kuanzia km 0, kwa kulinganisha picha za kabla na za baada, kila moja ikiwa na namba ya kilomita. Wenye ranchi wamesaini mageti sita. La 4 bawaba imepinda na fundi ameitwa. Mbuzi mmoja amelipwa, fomu imewekewa dole gumba la mwenyewe na sahihi ya naibu chifu. Posho: watu 70 wamepokea usiku wa Jumamosi, wawili Jumatatu kwa namba zilizosahihishwa.

Yaliyobaki: murram ya km 11.2 imeshikilia ila ukingo wa kulia umemomonyoka mita 8. Lori moja linatosha. Mifereji minne imezibwa na udongo uliorushwa na magurudumu, ifunguliwe kwa jembe. Kalvati ya km 6.2 imepelekwa kwa KeRRA na picha zake, ufa umeongezeka sentimita 4, na vifurushi vya matairi vitabaki pale na rangi ya kung'aa hadi ijengwe au masika yafike.